Majungu

Jungu ni chungu kikubwa. Wingi wake, majungu, umepata kazi ya pili maofisini, viwandani na sokoni, kuanzia Temeke hadi Kinondoni: kumchongea mwenzako kwa bosi. Majungu hupikwa, tena mpishi haonekani. Hapo ndipo yanapoachana na kijembe, ambacho mlengwa hukisikia mwenyewe. Miaka ya 1990, vikundi vya TOT na Muungano vilirushiana vijembe kwa mipasho ya taarab majukwaani Dar es Salaam, na mashabiki walijua nani kamlenga nani. Mpika majungu hukusifu usoni, hudodosa mipango yako, kisha kosa lako dogo humfikia meneja kabla yako. Hasimu wa waziwazi ana nafuu. Ukiambiwa "nakwambia wewe tu", usichangie neno.