Kioo cha Matabaka

Kioo cha mbele cha gari si bamba moja. Ni mabamba mawili yaliyobandikwa pamoja, na katikati yake umo utando wa plastiki iitwayo polivinili butirali, ambao unene wake kwa kawaida ni milimita 0.76. Jiwe likikipiga kinapasuka, lakini vipande vinabaki vimeng'ang'ania plastiki. Wengi hukiita kioo kisichovunjika. Jina hilo linapotosha, tena kwa jambo la usalama: kinavunjika, ila hakimwagiki. Istilahi inayofaa ni kioo cha matabaka, kwa sababu inataja kilivyoundwa.

Asili yake ni Ufaransa. Mwaka 1903 Édouard Bénédictus, msanii na mkemia, aliangusha chupa ya maabara. Ilipasuka bila kusambaratika, kwa kuwa ndani ulikuwa umegandia utando wa nitrati ya selulosi.

Vioo vingi vya milangoni ni vya aina nyingine. Hupashwa moto kupita nyuzi 600 za Selisiasi, kisha hupulizwa hewa baridi. Nje hutangulia kuganda. Ndani, kwa kuchelewa kupoa, huivuta sehemu ya nje na kuibana. Mbano huo ndio nguvu yake, na ukivunjwa popote kioo chote humwagika kwa vipande vidogo kama punje za mahindi. Kukiita kioo kigumu hakutoshi, maana kioo chochote ni kigumu. Tuseme kioo kilichokazwa.

Tofauti hii inazidi kuwa na uzito kadiri vioo vinavyotanuka. Citroën C3 ya 2009 ilipata kioo cha mbele kinachopanda hadi juu ya kichwa cha dereva. Tesla Model 3 ya 2017 ikaezekwa kioo karibu paa zima. Nyuma ya kioo cha mbele sasa hukaa kamera ya kusaidia breki, na kioo kikibadilishwa sharti ipimwe upya.

Hata milangoni matabaka yanaingia, ili kupunguza kelele na kuzuia abiria asirushwe nje. Hapo nyundo ya dharura haifui dafu: hupasua kioo kilichokazwa mara moja, lakini cha matabaka hukitia nyufa tu, dirisha likabaki limeziba. Mwenye gari asome maandishi madogo kwenye pembe ya kila kioo, ajue mapema ni dirisha lipi atakaloweza kulivunja akinaswa ndani.