Kituruki na Kiajemi: lugha mbili za mbali, na funzo kwa Kiswahili cha Gihundwe

Gihundwe ni umurenge wa wilaya ya Rusizi, Jimbo la Magharibi la Rwanda, jirani na Kamembe na karibu kabisa na mji wa Bukavu ulio ng'ambo ya mto. Mtoto anayekulia hapo husikia Kinyarwanda nyumbani, Kiingereza darasani, Kifaransa kwa wakubwa waliosoma kabla ya mageuzi ya mwaka 2008, na Kiswahili sokoni na kwenye vivuko vya mto Rusizi. Katika miaka ya karibuni lugha nyingine zimeanza kubisha hodi. Kituruki kinakuja na tamthilia za televisheni, nafasi za masomo na kampuni za ujenzi. Kiajemi, lugha ya Iran, kinasikika kwa mbali zaidi, lakini historia yake imo ndani ya Kiswahili chenyewe.

Je, lugha hizi mbili zitakuwa na uzito gani duniani katika miongo ijayo? Na familia inayozungumza Kiswahili mpakani inaweza kujifunza nini kutokana na safari zake? Makala haya yanaeleza.

Maneno yaliyotutangulia

Kituruki na Kiajemi si wageni kamili katika Afrika Mashariki. Wanaisimu wanaonyesha kuwa maneno kama bandari, serikali, pamba, karakana na darubini yana asili ya Kiajemi, mengine yakiwa yamepitia India kabla ya kufika pwani. Neno dirisha, ambalo Kinyarwanda kimelichukua na kuliita idirishya, linahusishwa na neno la Kiajemi lenye maana ya mlango mdogo. Hata chai inayochumwa Shagasha, wilayani Rusizi, inaitwa kwa jina lililotoka China na kupita katika nchi za Waajemi kabla ya kuwa chai kwa Waswahili na icyayi kwa Wanyarwanda.

Kituruki nacho kiliingia kwa njia ya jeshi. Afande ni neno la Kituruki, efendi, yaani bwana au mheshimiwa. Lilifika kupitia jeshi la Misri, lililokuwa na vyeo vya Kituruki, na askari wa Kisudani waliosajiliwa Cairo mwaka 1889 na Mjerumani Hermann von Wissmann kwa vita vya pwani. Leo Mnyarwanda anayemwita ofisa wa jeshi "afande" hutumia neno lililosafiri kutoka Istanbul hadi Cairo, kisha Bagamoyo, na hatimaye Ziwa Kivu.

Katika pwani, uhusiano na Uajemi ni mkubwa zaidi. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na mwaka 1107 wa Miladi. Watu wa Makunduchi huadhimisha Mwaka Kogwa, sherehe inayofungamana na Nairuzi, mwaka mpya wa Kiajemi. Jina la Washirazi liliingia hata katika siasa, pale Chama cha Afro-Shirazi kilipoundwa mwaka 1957. Kwa muda mrefu wanahistoria wengi waliitilia shaka simulizi ya mababu waliotoka Shiraz. Mwaka 2023, utafiti wa vinasaba vya watu wa kale uliochapishwa katika jarida la Nature ulionyesha kuwa baadhi ya wakazi wa miji ya pwani walikuwa kweli na mababu kutoka Uajemi, na wakati huohuo mababu wengi wa Kiafrika, hasa kwa upande wa akina mama. Lugha ya akina mama hao ndiyo iliyobaki. Wageni waliacha maneno. Sarufi ikaendelea kuwa ya Kibantu.

Kiajemi: fahari kubwa, mipaka mingi

Kwa karne kadhaa Kiajemi kilikuwa lugha ya kimataifa kwa maana halisi. Kilitumika katika mabaraza ya wafalme kuanzia Anatolia hadi Bengal. Masultani wa Uturuki walitunga mashairi kwa lugha hiyo, na watawala wa Kimoguli wa India waliandika kwayo hesabu za kodi na hukumu za mahakama. Kazi za Ferdowsi, Saadi, Rumi na Hafez zingali zinasomwa duniani kote.

Lakini mwaka 1837 Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki ilikiondoa Kiajemi katika ofisi na mahakama za India, na nafasi yake ikachukuliwa na Kiingereza na lugha za wenyeji. Watu wengi wa India hawakuwahi kuwa na Kiajemi kama lugha ya nyumbani. Ilikuwa lugha ya karani, hakimu na mshairi. Dola ilipoiacha, haikupata umma wa kuishika.

Leo Kiajemi ni lugha rasmi ya nchi tatu chini ya majina matatu. Nchini Iran, yenye wakazi wapatao milioni 90, huitwa Farsi. Nchini Afghanistan huitwa Dari, na nchini Tajikistan huitwa Kitajiki. Msemaji wa Tehran na yule wa Dushanbe wanaweza kuelewana wakizungumza, lakini gazeti la mmoja linaweza kumshinda mwenzake, kwa kuwa Wairani na Waafghani huandika kwa herufi za asili ya Kiarabu, ilhali Watajiki huandika kwa herufi zinazotumiwa na Kirusi. Hilo hupunguza soko la vitabu, magazeti na programu za kompyuta.

Siasa nayo ina sehemu yake. Vikwazo vya kiuchumi dhidi ya Iran vimezuia biashara na safari za wanafunzi. Nchini Afghanistan, tangu Taliban waliporejea madarakani Agosti 2021, wasichana wamefungiwa shule za sekondari na vyuo vikuu, na lugha yoyote hupoteza waandishi wa kesho pale nusu ya watoto wake wanaponyimwa darasa. Hata hivyo, Kiajemi kina hazina isiyoyumba upesi: fasihi ya zaidi ya miaka elfu moja, vyuo vikuu imara, na jamii kubwa za wahamiaji katika Ulaya na Amerika Kaskazini wanaoandika na kutangaza kwa lugha yao.

Kituruki: dola, barabara na televisheni

Safari ya Kituruki ni tofauti. Mnamo Novemba 1928, Jamhuri changa ya Uturuki chini ya Mustafa Kemal Atatürk ilipitisha sheria ya kuacha herufi za Kiarabu na kuchukua herufi za Kilatini. Mwaka 1932 ikaundwa taasisi ya lugha iliyoondoa maneno mengi ya Kiarabu na Kiajemi na kubuni mapya. Faida yake ilikuwa kwamba umma wengi walijua kusoma kwa haraka. Hasara yake ni kwamba vijana wa leo hawawezi kusoma barua za mababu zao bila mkalimani.

Inafaa kukumbuka kuwa mwaka huohuo, 1928, mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Lugha mbili zilipangwa upya wakati mmoja, moja na serikali yake yenyewe, nyingine na watawala wa kikoloni.

Leo Uturuki ina wakazi wapatao milioni 85. Kituruki pia ni lugha rasmi nchini Cyprus, na kina wasemaji wengi nchini Ujerumani, ambako wafanyakazi walianza kwenda kwa wingi baada ya mkataba wa mwaka 1961. Kina ndugu wengi pia: Kiazeri, Kiuzbeki, Kikazaki, Kikirgizi na Kiturkmeni. Mwaka 2021 baraza la nchi hizo lilichukua jina la Jumuiya ya Mataifa ya Kituruki, na mwaka 2024 wataalamu wake waliokutana Baku walikubaliana juu ya alfabeti ya pamoja yenye herufi 34. Ndugu hao si lahaja za lugha moja, na Kirusi kingali na nguvu Asia ya Kati. Lakini njia imeanza kufunguliwa.

Barani Afrika, Uturuki ilitangaza mwaka 2005 kuwa Mwaka wa Afrika na tangu hapo imefungua balozi katika nchi zaidi ya 40. Kampuni ya Summa ilikamilisha Kituo cha Mikutano cha Kigali mwaka 2016 na kujenga ukumbi unaoitwa sasa BK Arena. Nchini Tanzania, Yapı Merkezi ilijenga reli ya kisasa kutoka Dar es Salaam, ambayo abiria walianza kuitumia mwaka 2024. Ufadhili wa masomo wa serikali ya Uturuki huwapa wanafunzi wa kigeni mwaka mzima wa kujifunza Kituruki kabla ya kuanza shahada, na tamthilia za Istanbul zinatazamwa katika mabara yote.

Kinachoamua kesho ya lugha

Wataalamu hawapimi uzito wa lugha kwa idadi ya wasemaji peke yake. Huangalia pia kama lugha inatumiwa na watu ambao si wazawa wake, kama inafundisha sayansi, kama ina biashara nyuma yake na kama wazazi wanairithisha. Kwa vipimo hivyo, inaelekea Kituruki na Kiajemi vitabaki lugha kubwa za kimaeneo. Kituruki kina upepo wa uchumi na televisheni. Kiajemi kina kina cha fasihi na mshikamano wa nchi tatu. Hakuna kati yake iliyo lugha rasmi ya Umoja wa Mataifa, na kampuni za Kituruki zinapofanya kazi Afrika Mashariki, mikataba kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza.

Kuna jambo jingine la kuzingatia. Tehran imekuwa ikitangaza kwa Kiswahili kwa miaka mingi, na shirika la utangazaji la Uturuki lilipoanzisha TRT Afrika mwaka 2023, Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zake nne, pamoja na Kiingereza, Kifaransa na Kihausa. Wenye lugha hizo wametambua kuwa anayetaka kusikika kuanzia Mombasa hadi Bukavu hana budi kupitia Kiswahili.

Kiswahili: sheria ipo, kazi imebaki

Kiswahili nacho kimepanda ngazi. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi nchini, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. UNESCO, inayokadiria wasemaji wake kuwa zaidi ya milioni 200, ilitenga Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021. Umoja wa Afrika ulikipokea kuwa lugha ya kazi Februari 2022, na mwaka huohuo Kongo, yenye mamilioni ya wasemaji wa Kiswahili mashariki mwake, ikaingia katika Jumuiya.

Kwa Waswahili wa Rwanda, mabadiliko hayo yana uzito wa pekee. Chini ya utawala wa Wabelgiji waliwekwa katika mitaa yao, na kwa muda mrefu neno "umuswahili" lilitumika pia kama tusi, kwa maana ya mjanja au mlaghai. Lugha iliyodharauliwa sasa inafundishwa katika shule za sekondari na imo katika orodha ya lugha za taifa lake.

Hata hivyo, yaliyokipata Kiajemi nchini India ni onyo. Amri inaweza kuipandisha lugha, na amri nyingine ikaishusha. Wanyarwanda wenyewe wanalijua hilo: uamuzi wa mwaka 2008 wa kufundisha kwa Kiingereza ulibadilisha kwa muda mfupi thamani ya Kifaransa kwa kizazi kizima. Lugha inayoishi katika sheria tu hufa sheria inapofutwa. Lugha inayoishi katika duka, zahanati, daftari la mtoto na simu ya mkononi huidai serikali iifuate.

Mfano wa Kitajiki una onyo lake pia. Kiswahili cha Bukavu, kilichochanganyika na Kifaransa, si kile cha Unguja, na hakuna aibu katika tofauti hiyo. Lakini mtoto wa Gihundwe anayejua lahaja ya mpakani pekee anaweza kushindwa kusoma fomu ya forodha au mkataba wa kazi ulioandikwa Arusha. Akijua vyote viwili, mlango wa Bukavu na wa Dar es Salaam yote iko wazi kwake.

Kijana mwenye hamu ya Kituruki hana sababu ya kuzuiwa. Lugha hiyo inaweza kumpatia chuo, na Kiajemi kinaweza kumfungulia maktaba. Ila ofisi inayomwajiri mfasiri wa Kituruki katika eneo hili itataka kujua anafasiri kuelekea lugha gani. Mwenye Kiswahili kilichokomaa, cha kusoma na kuandika, atakuwa na jibu.