Mtoto wa Mfumaji na Chuo cha Mitambo

Katika nchi ya Usukuma, pale Lalago wilayani Maswa, mahali ipitapo njia itokayo Shinyanga kwenda Mwanhuzi, pamba ni zao la fedha tangu enzi za wakoloni. Mkulima huilima, huichuma kwa mkono na kuiuza, kisha huondoka. Sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania huvuka bahari kabla haijasokotwa uzi.

Historia ya chuo kikuu kimoja cha binafsi, chenye sifa ya utafiti wa sayansi na uhandisi, yaanzia penye uzi huo huo. Mwaka 1835 Andrew Carnegie alizaliwa Dunfermline, Uskochi, baba yake akiwa mfumaji wa nguo kwa mkono. Mitambo ya mvuke ilipoenea, kazi ya mfumaji yule ikakosa soko. Mwaka 1848 jamaa hiyo ikahamia Marekani, na mtoto akaajiriwa katika kiwanda cha pamba karibu na Pittsburgh kwa ujira wa dola 1 na senti 20 kwa juma. Hivyo mtambo uliomnyima baba kazi ndio uliompa mwana riziki.

Mtoto yule alikuja kuwa tajiri wa chuma cha pua. Utajiri wake haukuwa safi machoni pa watu wote: mwaka 1892, katika kiwanda chake cha Homestead, mgomo wa wafanyakazi uliishia katika mapigano na walinzi wa kukodiwa, na watu wakafa pande zote mbili. Mwaka 1900 alitoa dola milioni 1 ili zianzishwe shule za ufundi kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wa Pittsburgh. Mwaka 1912 shule hizo zikawa taasisi ya kutoa shahada, na mwaka 1967 taasisi hiyo ikaungana na taasisi ya utafiti ya Mellon, kikazaliwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon.

Mwaka huo huo wa 1967 Tanzania ilitangaza Azimio la Arusha, na elimu ya juu ikabaki mikononi mwa dola. Kitivo cha Uhandisi kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1973. Vyuo vikuu vya binafsi vikangoja hadi miaka ya 1990. Hatimaye, mwaka 2011, serikali ya Rwanda ilipatana na chuo kile cha Pittsburgh, na mwaka 2012 wanafunzi wa shahada ya uzamili walianza masomo Kigali, ng'ambo ya magharibi ya Ziwa Viktoria. Basi hata chuo cha binafsi hakikuja kwa fedha za binafsi peke yake. Dola ilikiita na kukigharimia.

Isidhaniwe kwamba Lalago ilikosa sayansi. Tangu miaka ya 1930 watafiti wa Ukiriguru, karibu na Mwanza, walizalisha mbegu za pamba zenye majani ya malaika, yanayowasumbua wadudu wafyonzao utomvu. Herufi UK katika majina ya mbegu hizo ni za Ukiriguru, wala si za Uingereza. Lakini maarifa hayo yaliishia shambani. Kiwanda cha Urafiki, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, kilifuma kwa mitambo iliyotoka China; nguo ilikuwa ya nchi, ujuzi wa kuuunda mtambo ukabaki ulikotoka.

Hapo ndipo lilipo somo la mfumaji wa Dunfermline. Yeye hakuwa mvivu wala mjinga. Alikuwa fundi hodari wa kazi iliyokwisha kupitwa. Mtambo haukumngoja ajifunze. Chuo cha uhandisi, kiwe cha tajiri au cha dola, hupimwa kwa jambo moja: kama mtoto wa mkulima wa Lalago aweza kuingia humo na swali la pamba ya baba yake, akatoka na jibu.