Nchi Jirani: Reli, Umeme na Shaba ya Kilembe

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi askari wa majeshi ya ulinzi na wa polisi: mnajua vyema kwamba kikosi cha mbele hakifiki mbali iwapo risasi, chakula na mawasiliano havikuandaliwa nyuma yake. Viwanda navyo ni vivyo hivyo. Historia ya jirani zetu wa Uganda yathibitisha jambo hilo.

Shaba ya Kilembe, chini ya milima ya Ruwenzori, ilijulikana tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Hata hivyo ililala ardhini miaka mingi, kwa kuwa reli iliishia Kampala na umeme wa kuiyeyushia haukuwapo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ilianza kuzifungamanisha idara zake. Mwaka 1948 iliundwa Bodi ya Umeme ya Uganda, na mwaka 1952 Shirika la Maendeleo la Uganda. Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls, ambalo leo huitwa Nalubaale, lilifunguliwa Jinja. Mwaka 1956 Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki likaifikisha reli Kasese, kiasi cha kilometa 330 kutoka Kampala. Mwaka huo huo Kilembe ikaanza kuzalisha. Treni iliubeba mchanga wa shaba hadi Jinja, ukayeyushwa kwa umeme wa Mto Naili, kisha shaba ikateremshwa Mombasa. Katika miaka ya 1960 ikawa bidhaa ya tatu ya Uganda iliyouzwa nje, baada ya kahawa na pamba.

Ni kweli kwamba mkoloni hakuupanga mpango ule kwa ajili ya Mwafrika kwanza. Lakini uhuru ulipopatikana mwaka 1962, wananchi walirithi mnyororo uliokamilika.

Mnyororo huo ulikatwa pingili moja baada ya nyingine. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, na biashara zao nyingi zikagawiwa watu wasio na ujuzi, wakiwamo wanajeshi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na shirika la pamoja la reli likavunjika nayo. Vipuri vikaadimika, mafundi wakaondoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 uchimbaji wa Kilembe ukasimama. Shaba haikuwa imekwisha ardhini, wala bwawa halikubomoka. Kilichovunjika ni ushirikiano wa walioviendesha.

Ndugu askari, funzo hili lawahusu. Mwanajeshi aliyekabidhiwa kiwanda aliacha lindo lake: kiwanda hakikupata meneja, na lindo likakosa mlinzi. Wajibu wa askari katika ujenzi wa viwanda ni kulinda reli, nguzo za umeme na mali ya umma, ili mhandisi, mhasibu na mfanyakazi nao watimize wajibu wao. Kidole kimoja hakivunji chawa.