Tufaha la Minnesota: Mti Huu ni wa Nani?

Neno tufaha tumelipata kutoka Kiarabu. Lakini kwa watu wa Unguja, tufaha, au tofaa, lilikuwa tunda jingine kabisa: jekundu, lenye maji mengi na harufu ya waridi, linaloota kwenye joto. Tunda la nchi za baridi lilipofika madukani likarithi jina hilohilo, na mitaani likaitwa epo. Makala haya yanahusu hilo la pili, na hasa lile linalopandwa uani hapa Woodbury, mashariki ya Saint Paul. Lilifikaje, na mti wake ni wa nani?

Katikati ya karne ya 19, walowezi waliotoka mashariki ya Marekani walikuja Minnesota na miche ya matufaha ya kwao. Baridi iliiua. Wengi wakakata tamaa wakisema nchi hii si ya matufaha. Peter Gideon, mzaliwa wa Ohio, alifika mwaka 1853 na kuanzisha shamba kando ya Ziwa Minnetonka. Alipanda mwaka baada ya mwaka, na karibu kila kitu kikafa. Inasimuliwa kwamba dola zake 8 za mwisho alizituma Maine kununulia mbegu badala ya koti, kisha akajishonea koti la viraka vya nguo kuukuu. Katika mbegu hizo ukaota mti uliostahimili baridi. Mwaka 1868 aliutangaza kwa jina la Wealthy, ambalo ni jina la mkewe.

Hapa yafaa tueleze jambo moja la kilimo. Mbegu ya tufaha haizai mti unaofanana na mama yake; ukipanda mbegu 100, utapata miti 100 tofauti, mingi ikiwa na matunda machachu. Njia ya kuupata mti uleule ni kubebesha: kukata kikonyo na kukiunga kwenye shina la mche mwingine. Wakulima wa michungwa wa Muheza, Tanga, wanaijua kazi hii vizuri, maana hubebesha mchungwa juu ya mlimau. Kwa hiyo kila mti wa Wealthy ulioenea Marekani ni kipande cha mti ule mmoja, kilichopita mkono kwa mkono. Jirani alimkatia jirani kijiti, basi.

Baadaye kazi ya mtu mmoja ikawa kazi ya umma. Mwaka 1908 Chuo Kikuu cha Minnesota kilianza shamba la kuzalisha aina mpya za matunda, karibu na Excelsior. Huko likatoka Haralson, mwaka 1922, tufaha lenye ukali kidogo linalodumu ghalani wakati wa baridi. Mwaka 1960 watafiti walichanganya aina mbili, na mche mmoja uliotokana nazo baadaye ukaandikiwa kutupwa. Mtafiti David Bedford akaamua upewe nafasi nyingine. Ndio Honeycrisp, uliotolewa kwa wakulima mwaka 1991. Mwaka 2006 ukafanywa tunda rasmi la jimbo, baada ya ombi la wanafunzi wa shule ya msingi ya Bayport, ambayo imo katika wilaya yetu hii ya Washington.

Hata hivyo, Honeycrisp haukuenea kama Wealthy. Ulilindwa kwa hataza: hakuna aliyeruhusiwa kuubebesha bila idhini, na kila mche uliouzwa ulikiletea chuo malipo. Hataza hiyo ilikwisha nchini Marekani mwaka 2008. Mtoto wake, SweeTango, umebanwa zaidi, kwani haki ya kuukuza kwa biashara kubwa ilipewa ushirika mmoja wa wakulima. Mwaka 2010 wakulima wengine wa Minnesota walikwenda mahakamani kulalamika, na mwaka uliofuata pande mbili zikapatana. Mwenye ua wa nyumbani hawezi kununua mche wake.

Chuo kina hoja yake. Aina moja huchukua miaka 20 au 30 kupatikana, na fedha za hataza hulipia utafiti unaofuata. Ni kweli. Lakini utafiti huo ulianza kwa fedha za walipa kodi, na kabla yake ulikuwapo ukarimu wa watu waliogawiana vijiti bure. Tukisahau sehemu hiyo ya historia, tutadhani tufaha limekuwa bidhaa ya mkataba tangu mwanzo.

Kwa bahati nzuri, anayetaka kupanda Woodbury bado ana nafasi. Wealthy, Haralson na sasa Honeycrisp ziko huru. Ukiwa na mti, waweza kumkatia mwenzako kikonyo mwishoni mwa majira ya baridi, naye akaubebesha wa kwake. Panda aina mbili tofauti, kwa sababu nyuki huhitaji kubeba chavua kutoka mti wa aina nyingine mwezi Mei. Zungushia shina wavu kabla ya theluji, maana sungura hutafuna magome. Kisha ngoja miaka kadhaa. Tufaha la kwanza litakapoiva Septemba, mgawie jirani tunda, na akitaka, mpe na kijiti.