2 147 483 647, namba yenye "haina faida"

Leo niache mihogo kidogo, niongee namba. Zidisha 2 yenyewe kwa yenyewe mpaka ziwe 2 thelathini na moja, kisha toa 1. Utapata 2 147 483 647. Ni namba tasa, ile tulikuwa tunaita nombre premier: haigawanyiki sawasawa ila na 1 na yenyewe. Tena ni ya ukoo wa Mersenne, padri Mfaransa mwenye alitoa orodha ya namba za aina hii mwaka 1644.

Cataldi wa Bologna alishasema mu kitabu chake cha 1603 kwamba ni tasa, lakini hakuonyesha sababu. Pa nafasi ya 31 aliweka pia 23, 29 na 37, na zote tatu zilikuwa uongo. Kusema tu si kujua.

Euler njo alimaliza kesi, mwaka 1772, kule Saint-Petersburg, macho yake karibu yote yamezimika. Kugawanya na kila namba mpaka 46 340, penye mzizi wa mraba unafikia, ni kazi ya kuua mtu. Yeye akafikiri kwanza. Namba tasa yenye inaweza kugawanya hii, ukiigawanya na 62 lazima ibakize 1. Ukiigawanya na 8, ibakize 1 ama 7. Unganisha hayo mawili: zinabaki tu zile zenye kubakiza 1 ama 63 ukizigawanya na 248. Hazifiki hata 400, na ndani yake unatupa tena zenye si tasa. Akajaribu zilizobaki, hakuna hata moja iliyoingia.

Ukizidisha hii namba na 1 073 741 824 unapata namba kamilifu, yaani sawa na jumla ya vigawanyo vyake vyote bila yenyewe, kama 6 ilivyo 1+2+3. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba hakuna kamilifu kubwa kuliko hiyo itakayopatikana, juu ni mambo ya kushangaza tu, hayana faida, nani atajisumbua? (Sisi wa agronomia bila kazi tunajua hilo swali.) Mwaka 1876 Lucas akaonyesha namba tasa ya tarakimu 39, na kamilifu yake ikapita ile ya Barlow mbali sana.

Na faida? Kompyuta nyingi zilipewa nafasi ya biti 32: moja ya alama, 31 za namba. Mwisho wake ni 2 147 483 647. Hapo utasa hauna kazi, ni ile 31 tu. Desemba 2014, wimbo Gangnam Style ulipita huo mwisho, na YouTube ilikuwa imeshapanua hesabu yake. Mashine zenye zinahesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 mu nafasi hiyo zitajaa tarehe 19 Januari 2038. Goma na Lubumbashi itakuwa saa kumi na moja na dakika 14 ya asubuhi, Kinshasa saa kumi na dakika 14.