Mlonge katika kusafisha maji

Mbegu za mlonge (Moringa oleifera, pia mzunze), mti wenye asili ya kaskazini mwa India, hutumika kusafisha maji yenye tope na bakteria. Wanawake wa vijijini nchini Sudan walizitumia kwa maji ya Nile kabla ya wanasayansi kuanza kuzichunguza, na sifa ya ugunduzi huo ni yao.

Mbegu kavu humenywa, hutwangwa, hukorogwa na maji kidogo, kisha huchujwa. Tui hilo hutiwa kwenye ndoo ya maji yenye tope, hukorogwa haraka halafu polepole, na maji huachwa yatulie saa moja au mbili. Protini za mbegu zina chaji chanya, ilhali chembe za tope na bakteria wengi wana chaji hasi. Hivyo hushikana, huwa mabonge na kuzama. Asilimia 90 hadi 99 ya bakteria huweza kuondoka, na baadhi ya protini hizo huharibu utando wa bakteria na kuwaua.

Hata hivyo, maji maangavu si lazima yawe salama. Bakteria waliosalia hulishwa na mabaki ya mbegu na kuzaliana upya, hivyo maji yachemshwe au yatiwe klorini kabla ya kunywewa.